Rafiki yangu alikuja kwetu kama mgeni, akarudi kama dereva wa ukoo

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31 na ninakuandikia kwa sababu rafiki yangu tuliyejuana miaka tisa amenyamaza. Hajaninunia waziwazi. Nikimtumia ujumbe anajibu, lakini majibu yenyewe ni "sawa", "poa", "nipo bize kidogo". Huyu ni mtu aliyezoea kunitumia sauti za dakika nne kunisimulia tu alivyokosana na mtu kwenye foleni.

Kutoka ninapoishi hadi kwetu ni kilomita 420. Nilikuwa sijaenda karibu miaka miwili, na mama alishaanza kuniambia kwenye simu kwamba nitakuja kumzika tu. Mimi sijui kuendesha. Rafiki yangu ana gari dogo alilonunua mwaka jana kwa mkopo, na siku moja akaniambia mwenyewe: "Twende wikendi moja, nami nikapumzike." Mama yake alifariki miezi minane iliyopita na tangu hapo alikuwa hajatoka kwenda popote zaidi ya kazini. Nikafurahi mara mbili, kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Ijumaa tuliondoka saa tisa alasiri. Safari ilikuwa tamu, tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tukafika saa tatu na nusu usiku, tukapokewa kwa vifijo, akapewa chumba kizuri kuliko changu.

Jumamosi asubuhi mama akasema kuna shangazi yangu anaumwa mguu, basi kwa kuwa gari lipo apelekwe hospitali. Tukampeleka. Tukapita kumsalimu babu mdogo, maana angesikia nimekuja bila kumwona ingekuwa kesi. Kisha kuna mzigo wa kaka ulikuwa umekwama mahali. Kisha mama mkubwa arudishwe kwake. Rafiki yangu ana tabia ya kusoma kilomita kwenye dashibodi, na jioni aliniambia tumezunguka kilomita 160. Lakini Shangazi, kila safari aliulizwa! Mama alimwambia, "Mwanangu, hutachoka?" Naye akajibu, "Hamna shida, mama."

Kuna jambo jingine. Tulipomrudisha mama mkubwa, akamshika mikono, akamwuliza za nyumbani, kisha: "Mama hajambo?" Rafiki yangu akajibu, "Hajambo, anawasalimu." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema kitu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nyumbani kuhusu msiba wake, nilidhani ni siri yake.

Jumapili tulipanga kuondoka saa nne asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri baba akamwamsha, akamwomba ampeleke mjomba stendi. Halafu wageni wa kuniaga wakaanza kuja, na unajua huwezi kumwacha mtu mzima aliyetembea kuja kukuaga. Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu jioni, buti limejaa, na mdogo wangu wa kiume yupo kiti cha nyuma kwa sababu mama alisema nafasi si ipo.

Njiani nilipitiwa na usingizi kidogo. Saa tano kasoro hivi nikashtushwa na kokoto zinagonga chini ya gari, tumeshatoka pembeni ya lami. Akalirudisha, akasimama, akashuka, akainama ameshika magoti. Nikamwambia, "Usiogope, hakuna kilichotokea." Akanijibu, "Wewe ulikuwa umelala." Ni hayo tu. Kilomita 130 zilizobaki hakuna aliyesema neno.

Sasa mama ananipigia kila siku: mwezi ujao kuna sherehe ya dada, nije na "yule mtoto mwenye adabu". Binamu zangu wanasema ana maringo, kwamba alikula, akalala, akaheshimiwa, ananuna nini. Na mafuta tuligawana: nilijaza mimi wakati wa kwenda, akajaza yeye wakati wa kurudi. Je, nimekosa kiasi hicho? Nimpe pesa? Alisahau chaja ya simu kwetu na mdogo wangu ameibeba. Nimefikiria niitumie kama sababu ya kwenda kwake, lakini naogopa.

Abiria

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama mahali pale pale. Kilomita umenihesabia vizuri, saa umeziandika na kasoro zake, halafu katikati ya mstari umepenyeza maneno matano: "njiani nilipitiwa na usingizi kidogo". Unaandika kama mtu anayesema alipiga chafya.

Tuanzie hapo, maana hapo ndipo rafiki yako alipo mpaka leo. Wewe umeshafika nyumbani, yeye bado ameinama pembeni ya barabara ameshika magoti.

Aliamshwa saa kumi na moja alfajiri. Mpaka saa tano kasoro usiku alikuwa macho karibu saa 18 mfululizo, baada ya Jumamosi ya kuzunguka na Ijumaa ya safari. Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe, wakakuta kwamba baada ya saa 17 bila kulala, wepesi wa mkono na wa akili unashuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Katika nchi nyingi kiwango hicho kinatosha dereva kunyang'anywa funguo. Ungekubali kupanda gari la mtu aliyelewa? Ungemwomba asimame, ungepiga kelele. Lakini mchovu hanuki pombe, na zaidi ya hapo alisema hamna shida.

Hesabu nyingine ndogo. Gari likienda kilomita 90 kwa saa linakata mita 25 kila sekunde. Dereva akipitiwa kwa sekunde nne, gari limekwenda mita 100 halina mwenyewe. Usingizi wa namna hiyo haupigi hodi, na anayepitiwa mara nyingi hajui kama alipitiwa mpaka asikie kokoto. Kwa hiyo alipokuambia "wewe ulikuwa umelala", alikuwa anakuambia kwamba katika zile mita hapakuwa na mtu hata mmoja aliye macho ndani ya gari lake. Mlikuwa watatu. Na wewe ukamjibu nini? "Hakuna kilichotokea."

Marehemu mume wangu aliendesha miaka mingi, na mimi nilikuwa mtu wa kusinzia gari likianza tu kunguruma. Siku moja alisimamisha gari, akaniomba kwa upole nihamie nyuma. Nikauliza kwa nini. Akasema kiti cha mbele ni cha kazi. Nilikasirika sana siku ile. Ni kweli lakini: anayekaa mbele anaangalia macho ya dereva, anasikiliza kama majibu yameanza kuchelewa, anaona gari likianza kuukaribia mstari, na ndiye anayesema "tusimame". Dereva mwenyewe ni wa mwisho kukubali kuwa amechoka. Kufungua dirisha na kupandisha redio hakusaidii kitu cha maana. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kulala dakika 15 hadi 20, na kama anakunywa kahawa, ainywe kabla ya huo usingizi, maana huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Na ambacho kingesaidia kuliko vyote kilikuwa mlangoni kwenu: kulala pale pale na kuondoka alfajiri ya Jumatatu, mkachelewa kazini, mkasemwa na bosi mkiwa wazima.

Sasa nije kwenye hiyo "hamna shida".

Unanitolea kama ushahidi kwamba alikubali. Mwanangu, mtoto wa watu yuko nyumbani kwa wazazi wa rafiki yake, mara ya kwanza, na mama mtu mzima anamwuliza mbele ya watu kama atachoka. Ulitaka ajibu nini? Lile swali lina jibu moja tu, na yeye kalelewa, akalitoa. Mama yako naye hana kosa kubwa. Aliona gari, akaona msichana mwenye heshima, akauliza, akaambiwa hamna shida. Kati yao wawili palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua pande zote mbili, aliyeweza kusema "mama, leo huyu apumzike, shangazi tutampeleka kwa gari la kukodi, nalipa mimi". Mtu huyo alikuwa na ulimi wa kwao na alikuwa na siri za rafiki. Alikuwa wewe, na ulinyamaza tangu Jumamosi asubuhi mpaka kwenye kokoto.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mlimpa jembe hata kabla hajamaliza kufungua begi. Na lilikuwa jembe lake mwenyewe, bado analilipia mkopo.

Kuna pahali katika barua yako ambapo niliweka miwani chini. "Hajambo, anawasalimu."

Unajua jinsi salamu zetu zilivyo. Swali linakuja limeshabeba jibu lake. Mama hajambo? Hajambo. Huwezi kusimama mlangoni kwa mtu aliyekushika mikono kwa furaha ukamwambia mama yangu nimemzika, ukamharibia siku. Kwa hiyo alifanya alilofanya Jumamosi nzima: akatoa jibu linalomrahisishia aliyeuliza. Akaongeza na salamu, masikini. Salamu za mtu aliyefariki miezi minane iliyopita. Kisha akageuza gari, akaendelea kuwaendesheni.

Unasema ulidhani ni siri yake. Sikukatalii kabisa, kuna watu hawapendi msiba wao utembee mbele yao. Lakini siri ya namna hiyo haidhaniwi, inaulizwa. Kwenye zile kilomita 420 za nyimbo palikuwa na nafasi ya kusema: "Nyumbani kwetu watakuuliza habari za mama. Niwaambie kabla, au tuache?" Angekuambia. Na kama angesema tuache, basi pale mama mkubwa alipouliza ungemkinga: ungeingilia, ungeomba maji, ungebadilisha mazungumzo, ungefanya fujo yoyote. Mtu unayemfahamu kwa miaka tisa unaona jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Kuhusu mafuta, nisikilize vizuri, maana hapa unajidanganya kwa hesabu. Kwenda kilomita 420, wewe. Kurudi kilomita 420, yeye. Inapendeza. Na zile 160 za Jumamosi? Jumla ni kilomita 1,000, bila kuhesabu ile safari ya stendi. Gari dogo tuseme linakula lita nane kwa kilomita 100, hizo ni lita 80. Wewe umelipia kama lita 34, yeye amelipia lita 46, na hizo 12 na kitu zilizozidi ndizo zilizompeleka shangazi yako hospitali na mama yako mkubwa nyumbani. Tena mafuta ndicho kitu rahisi kukiona tu. Tairi zinakwisha, oili inazeeka, breki zinaliwa, na mliporudi gari lilikuwa limejaa mizigo na mtu wa tatu. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva magari mengi yana kibandiko kinachoonyesha upepo wa tairi, na mara nyingi kuna vipimo viwili, cha gari jepesi na cha gari lililojaa. Nina hakika hakuna aliyekitazama jioni ile katikati ya kuagana. Tairi yenye upepo pungufu chini ya mzigo inapata joto, na mlikuwa na saa sita za usiku mbele yenu.

Na mdogo wako kapakiwa kama begi. "Nafasi si ipo." Nafasi ipo, ila si ya mama kuitoa wala si yako. Ilitakiwa umfuate rafiki yako pembeni, mbali na masikio ya watu, umwulize kwa namna ambayo anaweza kusema hapana bila kumwonea haya mtu yeyote. Ukimwuliza mtu mbele ya anayeomba, umeshamjibia.

Binamu zako waache. Wanaosema alikula, akalala, akaheshimiwa hawakuwepo kwenye lami. Ila kitu kimoja ni kazi yako kabla ya yote: likitajwa tena hilo neno maringo, lisimalizike mdomoni mwa mtu. Safari hii usinyamaze.

Unaniuliza kama umekosa kiasi hicho. Kiasi hicho, ndiyo. Lakini sioni mtu mbaya kwenye barua hii. Naona mtu aliyefika kwao baada ya miaka miwili akawa mtoto tena, akarudi kuwa binti wa mama anayeambiwa "mfanyie hivi" na kufanya. Hilo hutupata wote tukivuka kizingiti cha nyumbani. Tatizo ni kwamba ulikuwa umeongozana na mtu, na ulipogeuka mtoto yeye akabaki bila mwenyeji.

Sasa fanya hivi. Mpigie mama yako kwanza, usimtumie ujumbe. Usimlaumu. Mweleze tu kwamba safari ya kurudi ilitaka kuwaua watatu, pamoja na mwanawe wa kiume, na kwamba hutakuja na rafiki yako kwenye sherehe. Sema "hatakuja", usiseme "nitamwuliza", maana ukimwuliza utaniambia tena amesema hamna shida. Utapanda basi. Kuhusu msiba, usimwambie mama kwenye simu hiyo. Namfahamu mama wa aina hiyo, nami ni mmoja wao: akijua tu, atataka namba ya binti alie naye saa hiyo hiyo. Mpaka mwenye msiba aseme ndiyo.

Kisha nenda kwa rafiki yako. Usiende na maelezo ya wageni waliotembea kuja kukuaga, anawajua, alikuwepo, alikuwa amekaa kwenye gari anawasubiri. Mwambie mambo mawili kwa majina yake: nililala wakati unaendesha umechoka, na nilinyamaza mama mkubwa alipokuuliza. Ukisema "samahani kwa yote", umemwachia yeye kazi ya kutafuta ni yapi. Baada ya hapo funga mdomo. Akitaka kulia alie, akitaka kukutukana akutukane, akisema "yameisha" kwa sauti ile ile ya "hamna shida", usifurahi haraka. Mwambie hujamwamini, na kwamba utakuja tena.

Pesa ya mafuta na ya matengenezo mpe, lakini isiwe siku hiyo. Ukianza na pesa utakuwa umemlipa dereva, na hilo ndilo linalomuuma. Wiki moja baadaye mpelekee, na kilomita umeziandika, zile 160 zote upande wako. Atakataa. Lisiwe jambo la kubishania mlangoni, itume kwenye simu yake na maneno mawili.

Je, mtasafiri tena? Huenda. Kama siku hiyo ipo, ahidi watu wa nyumbani kitu kimoja kabla hujapanda gari: tunafika saa ngapi, tunaondoka saa ngapi, na gari likishaegeshwa ni la kutazama tu. Ratiba hiyo uitaje wewe, kwa sauti yako, yeye akiwa hayupo karibu. Njiani msimame kila baada ya saa mbili hata kama hakuna aliyechoka. Na jiandikishe chuo cha udereva, mwanangu, miaka 31 si mingi. Ila ukipata leseni, kabla hujagusa usukani wa gari lake asome bima yake kama inamruhusu mtu mwingine kuendesha.

Na hiyo chaja, mpe mdogo wako aipeleke leo. Alipewa lifti bila kuomba, ana miguu. Wewe nenda kesho yake mikono mitupu, ili akifungua mlango asipate kitu cha kupokea akakuaga.